Sange si Panya: Jina, Jino na Nasaba

Miaka ipatayo ishirini iliyopita niliombwa nipitie tafsiri ya kitabu cha watoto kuhusu wanyama wa Afrika Mashariki. Kazi ilikuwa ya haraka, kama zilivyo nyingi za aina hiyo. Katika ukurasa mmoja palikuwa na picha ya mnyama mdogo mwenye miguu myembamba, macho makubwa na pua ndefu mfano wa mkonga. Jina lake la Kiingereza, ukilifasiri neno kwa neno, ni "kirukanjia-tembo". Mfasiri aliona panya anajulikana zaidi kuliko kirukanjia, akaandika "panya-tembo". Nikapitisha. Nikatia saini, mimi mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, tena mzaliwa wa Amu.

Kitabu kikafika Mokowe. Mzee mmoja, jirani ya dada yangu, aliyelima mashamba ya Hindi na Mkunumbi tangu ujana wake, alimsikia mjukuu wake akikisoma kwa sauti. Nilipokwenda kumwamkia, hata kahawa haijamiminwa, akaniwekea kitabu mapajani.

"Profesa, huyu ni nani?"

Nikamjibu kama kitabu kilivyosema. Mzee akacheka hadi akajifuta mato kwa kikoi.

"Panya-tembo! Huyu ni sange, mwanangu. Kwani panya humuyui?"

Nimelibeba swali hilo muda wote huu. Mwanzoni nililichukulia kuwa suala la msamiati tu: kuna neno zuri la Kiswahili nami nimelisahau, basi nilirudishe. Baadaye, nilipoanza kusoma habari za visukuku vya wanyama wadogo, nikaona kosa langu ni kubwa zaidi. Nilikuwa nimemtia mnyama katika ukoo usio wake. Cha kunifariji kidogo ni kwamba wataalamu wakubwa kuliko mimi walikuwa wamelitenda kosa la namna hiyo kwa mnyama huyohuyo, nao ikawachukua nusu karne kulisahihisha. Leo, msomaji wangu, naomba tuifuate historia hiyo.

Tuanzie mbali kidogo, Ulaya. Kuna mnyama wa jamii ya panya ambaye Waingereza humwita vole. Sisi na tumwite voli. Ana mkia mfupi, masikio madogo, na makazi yake ni nyasini au kandokando ya maji. Kiswahili hakina jina lake wala si aibu, kwa sababu Afrika nzima hupatikana pembe moja tu ya Libya, kule Cyrenaica. Kwa mkulima wa Ulaya voli ni mharibifu. Kwa mtaalamu wa visukuku voli ni saa.

Saa yenyewe imo katika magego. Voli wa kale wa jenasi iitwayo Mimomys alikuwa na magego yenye mizizi, kama yetu sisi wanadamu. Jino la namna hiyo likishakua hukoma. Likilika kwa kutafuna limekwisha. Lakini nyasi ni chakula kinachosaga meno kama msasa. Katika muda wa mamia ya maelfu ya miaka, kizazi baada ya kizazi, mizizi ilichelewa kufunga, hadi wazao wake wa jenasi ya Arvicola wakawa na magego yasiyo na mizizi, yanayoendelea kukua maisha yote. Kwa hiyo, mtafiti akichimba mahali na kuokota jino dogo kuliko punje ya mtama, hutazama sehemu ya chini. Likiwa na mizizi, kama yale ya West Runton katika pwani ya mashariki ya Uingereza, anajua tabaka hilo ni la kale zaidi. Likiwa halina, ni la baadaye. Martin Hinton wa makumbusho ya London alichapisha mwaka 1926 kitabu kikubwa kuhusu voli na jamaa zao, na tangu hapo somo hili limezidi kukua.

Na nani huwakusanyia wataalamu vijino hivyo? Mara nyingi ni bundi. Bundi humeza panya mzimamzima, kisha hutapika tonge la manyoya na mifupa chini ya kituo chake. Akiishi pangoni yeye na vizazi vyake, sakafu ya pango hugeuka ghala. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu huanza kuomba dua; kumbe ndiye mhifadhi wa kumbukumbu ambazo hakuna mwanahistoria aliyeziandika.

Sisi Afrika Mashariki hatuna voli, lakini meno tunayo. Mwaka 1911 Felix Oswald alifika Karungu, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, akakusanya visukuku vya kipindi cha Miosini, vyenye umri wa miaka milioni 17 hadi 18 hivi. Vilipelekwa London, na mwaka 1914 Charles Andrews akachapisha maelezo yake. Miongoni mwavyo kulikuwa na mabaki ya mnyama mdogo mwenye magego marefu, ya kusagia majani. Andrews aliyatazama akaona yanafanana na ya pimbi, yule mnyama wa majabalini asiye na mkia ambaye wengine humwita pelele. Akambatiza Myohyrax oswaldi. Kwa lugha yetu ni kama kusema "pimbi-panya wa Oswald".

Hebu tulitazame jina hilo kama wanaisimu. Lina wanyama wawili ndani yake, na mwenye jina si yeyote kati yao. Hata hivyo, jina likishatolewa huongoza macho. Kwa miongo mingi, wengi waliofuata waliyapanga mabaki hayo kwenye kabati la pimbi, kwa kuwa ndivyo karatasi ilivyosema. Mwaka 1965 Bryan Patterson wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwapitia upya sange wote wa kale waliojulikana, akaonyesha kuwa Myohyrax si pimbi. Ni sange. Alikuwa tu sange aliyezoea kula majani magumu, na chakula hicho kikayafanya meno yake yafanane na ya pimbi, kama vile makuli wawili wasiojuana wanavyoweza kuota sugu mahali pamoja.

Hapo kuna funzo kuu la elimu hii. Mfanano ni wa namna mbili: unaotokana na damu, na unaotokana na kazi. Voli, panya na sange wote ni wadogo, wote hukimbia ukiwakaribia. Hayo yote ni mfanano wa kazi. Damu huonekana mahali pengine, katika vitu ambavyo jicho la haraka haliviangalii.

Kabla ya Patterson, mwaka 1957, Percy Butler na Arthur Hopwood walikuwa wameeleza visukuku vingine kutoka Songhor, mashariki ya Kisumu. Humo walimkuta sange aliyefanana mno na wa leo hata wakampa jina la jenasi ileile, Rhynchocyon. Mwaka 1984 Butler mwenyewe alimtenga katika jenasi yake, Miorhynchocyon, lakini ujamaa haukupingwa. Songhor ina umri wa miaka ipatayo milioni 19 au 20. Yaani kabla ya mwanadamu, kabla ya nyani wengi tunaowajua leo, sange alikuwa tayari yuko hapa, na pua yake.

Sasa tuyapange majina aliyovishwa. Wilhelm Peters, Mjerumani aliyesafiri Msumbiji katika miaka ya 1840, ndiye aliyeunda jina Rhynchocyon mwaka 1847. Kwa Kigiriki ni pua na mbwa. Mwaka 1881 Albert Günther akampa sange wa Mombasa jina la chrysopygus, kwa ajili ya rangi ya manjano iliyo mwilini mwake nyuma; kwa Kiswahili cha heshima tuseme "kiuno cha dhahabu". Waingereza wakamwita kirukanjia na tembo. Andrews akampa babu yake jina la panya na pimbi. Nami, miaka karibu mia baadaye, nikaja na panya wangu na tembo wangu. Ukihesabu, mnyama mmoja amelinganishwa na mbwa, tembo, kirukanjia, panya na pimbi. Kiswahili peke yake kilimwita sange, jina lisilomlinganisha na yeyote.

Katika mafungu yote hayo ya ulinganisho, lilikuwapo moja lililokuwa na ukweli ambao mtoaji wake hakuujua. Miaka ya 1990 wataalamu walianza kulinganisha vinasaba vya mamalia badala ya maumbo yao. Mwaka 1998 Michael Stanhope na wenzake walitangaza jina la kundi jipya, Afrotheria, yaani wanyama wa Afrika. Ndani yake wamo tembo, pimbi, nguva, muhanga, tenreki wa Madagaska, fuko wale wa manyoya ya kung'aa, na sange. Sange, kwa damu, yuko karibu na tembo kuliko panya. Mkonga ulikuwa mfanano wa kazi, lakini ujamaa ulikuwapo, umejificha. Na Andrews aliyedhani kaona pimbi alikosea kuhusu jino, ila pimbi naye akatokea kuwa wa ukoo uleule.

Msomaji wa Lamu atulie hapa kidogo, maana jambo hili ni la kwake. Msitu wa Boni na Dodori una tembo, ingawa ujangili umewapunguza mno. Una muhanga, anayechimba mashimo usiku. Una sange. Na pale Mto Dodori unapoingia baharini, katika maji yenye nyasi za bahari kati ya visiwa vyetu na Kiunga, ndiko aliko nguva, ambaye nahodha wa zamani akimwona alijua ana hadithi ya kusimulia wiki nzima. Kaunti moja, na ndani yake ndugu kadhaa wa ukoo ambao umeishi barani humu kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Mmoja aliingia baharini, mmoja akawa mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, mmoja akabaki majanini akipekua wadudu kwa pua. Wazee wetu hawakujua kuwa ni jamaa. Lakini kila mmoja walimpa jina lake, wala hawakumwita yeyote panya.

Na panya je? Naye ana historia, tena historia yake ni ya mjini. Panya ninayemkusudia ni yule mweusi wa darini, anayetembea juu ya boriti za nyumba zetu za mawe kama mwenye hatimiliki. Asili yake ni Asia. Alifika lini? Kwa muda mrefu wapo waliosema alikuja kale sana, hata miaka 3000 kabla ya Kristo, na wapo waliosema ni baadaye mno. Ugomvi haukuisha kwa sababu vifupa vya panya wa kigeni na vya panya wa mwituni wa kwetu ni vigumu kutofautisha kwa jicho. Isitoshe, panya huchimba. Unaweza kumkuta katika tabaka la kale naye alikufa juzi.

Mwaka 2017 Mary Prendergast na wenzake walichapisha uchunguzi wa mabaki ya wanyama kutoka maeneo 22 ya Afrika Mashariki. Walipima protini iliyo ndani ya mfupa, wakasoma vinasaba, na wakapima umri wa mifupa yenyewe badala ya udongo ulioizunguka. Jibu likawa kwamba panya mweusi, pamoja na kuku, waliingia kuanzia katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Jibu hilo linaupata wakati wa kuanza kwa miji yetu. Kule Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton aliyeanza kuchimba mwaka 1980 alionyesha kijiji kilichoanza katika karne ya nane, kwa nyumba za miti na udongo, kisha kikageuka mji wa mawe. Vyombo vilivyoleta vigae na ushanga vilileta na abiria asiyelipa nauli.

Sina nia ya kumdharau panya kwa ugeni wake. Pwani ni nchi ya wageni waliokuwa wenyeji, na miaka elfu na zaidi si haba. Kuku naye alikuja kwa chombo, na hakuna anayemkataa mezani. Ila tulinganishe: mmoja ana miaka elfu moja na kitu, mwingine ana ukoo wa miaka milioni 20 katika ardhi hii. Nilipoandika "panya-tembo" nilichukua jina la mgeni nikamvisha mwenyeji. Mzee wa Mokowe, bila kusoma jino wala kinasaba, aliliona.

Nisiwapambe wazee wetu kupita kiasi, maana Kiswahili nacho hukosea. Neno "fuko" hulichukua kundi la wanyama wawili wasio ndugu: mmoja ni wa jamii ya panya kweli, mwingine ni wa ukoo wa tembo na sange. Maisha ya chini ya ardhi yamewapa umbo moja, nasi tukawapa jina moja. Kila lugha hukata ulimwengu kwa kisu chake, na kisu kuna mahali hakikati sawasawa. Hoja yangu ni nyingine: pale ambapo lugha yetu imekwisha kukata vizuri, tusiunganishe tena kwa tafsiri za pupa.

Tena hili la sange lina kinaya chake. Mwaka 1997 Jonathan Kingdon, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Tabora, alichoka na jina la "kirukanjia-tembo". Alijua si kirukanjia. Akapendekeza wataalamu wamwite mnyama huyu "sengi", jina lenye asili katika lugha za Kibantu, ndugu wa sange letu. Pendekezo likakubaliwa. Leo ukifungua majarida ya sayansi ya Ulaya na Marekani utasoma "sengi" ukurasa hadi ukurasa. Galen Rathbun, ambaye katika miaka ya 1970 aliwafuatilia sange wa magofu ya Gede na kuonyesha kwamba dume na jike huishi wawiliwawili katika eneo moja, alishirikiana na Kingdon kuandika hata kuhusu asili ya neno hilo. Basi wageni walikuja kuazima jina kwetu wakati sisi tukitafsiri jina waliloliacha.

Mwaka 2008 kamera za mtego zilizotegwa katika msitu wa Boni zilinasa picha ya sange asiyefanana barabara na wale wa Gede na Arabuko-Sokoke. Sehemu yake ya nyuma kwa chini ilikuwa nyeusi, si ya dhahabu. Sam Andanje wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, Bernard Agwanda wa Makavazi ya Taifa ya Kenya na wenzao wakachapisha taarifa mwaka 2010. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha kuwa ni jamaa wa karibu sana wa yule wa kiuno cha dhahabu, aliyetengwa naye na Mto Tana na nchi kavu iliyo kati. Akahesabiwa nususpishi, akaitwa mandelai, kwa heshima ya Nelson Mandela.

Jina tukufu, sina ugomvi nalo. Lakini magazeti yalipoandika kuwa mnyama "amegunduliwa", niliwakumbuka Waaweer, ambao sisi huwaita Waboni, wawindaji na warina asali wa msitu ule. Kiswahili kina tofauti nzuri kati ya kugundua na kutambua. Sayansi ilimtambua sange wa Boni mwaka 2008 na kumwandikia hati. Kumgundua sidhani; watu walikuwa wakipishana naye vichakani kabla ya kamera kubuniwa.

Ninalolihofia ni kupotea kwa vyote viwili, mnyama na neno. Tangu mwaka 2015 msitu wa Boni umekuwa uwanja wa operesheni ya usalama, na wenyeji wake wengi hawaingii kama zamani. Mtoto asiyeingia msituni hajifunzi majina ya msituni. Ng'ambo ya pili, bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2021, inavuta barabara na watu kuelekea bara. Maendeleo tunayahitaji. Lakini atakayekuja kupima athari zake atauliza kuna wanyama gani, na akijibiwa "ni panya tu", ataandika panya tu. Kwa panya hakuna anayesimamisha tingatinga.

Hivyo ndivyo jina linavyofanya kazi. Kwa Andrews jina lilificha kisukuku kabatini nusu karne. Kwangu lilimfichia mtoto wa Mokowe mnyama aliyekuwa mwendo wa saa chache kutoka kwao.

Niwapeni na hatima ya kitabu. Kilipotaka kuchapishwa tena niliandika barua, nikaomba "panya-tembo" ifutwe, pawekwe "sange". Wakakubali, ila wakataka katika faharasa kuongezwe maelezo: "mnyama wa jamii ya panya", eti watoto waelewe. Tulibishana kwa barua tatu. Hatimaye tukaandika: "mnyama mdogo wa msituni, mwenye pua ndefu, mla wadudu, ni wa ukoo mmoja na tembo, pimbi na nguva." Mzee alikuwa amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Nakala nilimpelekea mjukuu wake, ambaye siku hizi ni mwalimu, naye husomesha darasa la nne.

Nawe, msomaji, kama kwenu kuna jina la mnyama mdogo ambalo hulioni katika kamusi, usilicheke wala usilitafsiri. Muulize mwenye umri lina maana ya mnyama yupi hasa: anakula nini, analala wapi, anatoka usiku au mchana. Uliandike, pamoja na jina la kijiji na la lugha. Kazi hiyo haihitaji shahada ya uzamifu. Mimi nilikuwa nayo na haikunisaidia.